"Umerudi Tena?": Kisa cha Binti Aliyejidhuru na Wahudumu Waliojifunza Kuketi

Alipofika mapokezi ya dharura saa saba na robo usiku, muuguzi wa zamu alimtambua kabla hajataja jina. "Umerudi tena?" akamuuliza. Aliuliza bila hasira, kama mtu anavyomsemesha mtu ambaye amekwisha kumwona mara mbili. Lakini yule binti wa miaka 19 alisikia neno moja tu, "tena", akakaa nalo hadi alfajiri na siku sita zilizofuata.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuwafundisha wenzangu namna ya kumhudumia mtu anayejidhuru. Katika hospitali hii niliitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Yale yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha au nimeyaacha. Njia aliyoitumia kujidhuru sitaieleza pia, kwa kuwa haisaidii kukielewa kisa na inaweza kumuumiza anayesoma. Kama wewe unayesoma ndiye unayepitia hali hii, tafadhali usibaki nayo peke yako. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, na uende kituo cha afya kilicho karibu nawe. Unastahili huduma bora kuliko aliyoipata binti huyu usiku ule.

Ninachokiamini nakisema mapema. Wahudumu wa usiku ule hawakuwa na roho mbaya, na huruma walikuwa nayo. Walichokosa ni ufundi, na huruma isiyo na ufundi ikishachoka hugeuka ukali.

Usiku wenyewe

Aliletwa na shangazi yake, mkono wa kushoto umezungushiwa taulo. Akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu katika korido, kati ya mlango wa kuingilia na sinki la kunawia mikono. Kila aliyeingia alimpita, na kila aliyenawa alimrushia matone ya maji. Alikaa pale saa mbili na dakika arobaini. Wawili waliofika baada yake, mmoja na kifundo cha mguu kilichoteguka, walihudumiwa kabla yake. Nilipouliza sababu nikajibiwa kwa uwazi ambao mpaka leo nauheshimu: "Tuliona hao wengine hawakujitakia."

Daktari kijana wa zamu ndiye aliyemshona. Nyuzi saba. Ganzi hakupewa. "Ni kadogo, utavumilia," daktari alimwambia, na aliamini anasema kweli, maana kidonda hakikuwa kirefu na foleni ilikuwa ndefu. Mara ya kwanza alipokuja, miezi minne nyuma, alichomwa ganzi. Kwa hiyo alijua kwamba ganzi ipo na kwamba safari hii amenyimwa. Baadaye sana, akiwa wodini, alimwambia muuguzi mmoja maneno ambayo sasa mimi huyasoma katika kila darasa kwa idhini ya binti huyo: "Nilidhani ni adhabu, na nikaona nimestahili."

Ikaja zamu ya tathmini. Kulikuwa na karatasi moja yenye visanduku kumi, kila kisanduku na alama zake, na chini kabisa nafasi ya kujumlisha: hatari kubwa, ya kati, ndogo. Majibu yalitakiwa kuingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa kwenye rafu ya ukutani. Basi muuguzi alisimama akiitazama rafu, mgonjwa nyuma yake, shangazi pembeni amekumbatia mkoba, akawa anauliza huku anaandika. Umri. Unaishi na nani. Unatumia pombe. Kisha, kwa sauti ileile: "Hukuwa unataka kujiua, sivyo?"

"Hapana."

Akaweka tiki, akajumlisha, akapata hatari ndogo. Mahojiano yote yalichukua dakika tisa. Saa kumi na moja alfajiri binti akaruhusiwa, mkononi ana kipande cha karatasi kinachomwelekeza aende kliniki ya afya ya akili. Karatasi haikuwa na tarehe wala jina la mtu wa kumwona.

Siku ya sita alirudishwa akiwa hajitambui. Alikaa siku nne katika chumba cha wagonjwa mahututi. Akapona.

Maneno yaliyokuwa kwenye faili

Kabla sijazungumza na mtu yeyote niliomba faili. Mara ya kwanza palikuwa pameandikwa: "Ametulia, anashirikiana, anasema ana msongo wa mawazo." Mara ya pili: "Anadai ana msongo wa mawazo." Mara ya tatu: "Mzoefu. Anatafuta kuonewa huruma."

Tazama neno "anasema" lilivyogeuka "anadai". Mwandishi wa pili huenda hakukusudia chochote, lakini sote tunajua kwamba anayedai ni mtu tunayemtilia shaka. Aliyesoma faili mara ya tatu alikuwa amekwisha kuambiwa asimwamini mgonjwa kabla hajamwona. Na "mzoefu" ni neno tunalompa mlevi, mwizi wa kuku, au fundi. Hatumwiti mzoefu mgonjwa wa pumu anayerudi mara ya tatu. Tunajiuliza dawa gani haijafanya kazi.

Kurudi ni sehemu ya tatizo lenyewe. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba kati ya watu wanaofika hospitali baada ya kujidhuru, takriban mmoja kati ya sita hurudi kwa sababu hiyohiyo ndani ya mwaka mmoja, na takriban mmoja kati ya 25 hufariki kwa kujiua ndani ya miaka 5. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Aliyewahi kujaribu huko nyuma ndiye aliye katika hatari zaidi. Kwa hiyo mtu anayerudi mara ya tatu anazidi kutuhitaji, na hapo ndipo sisi huwa tunazidi kumchoka.

Si kila anayejidhuru anataka kufa, na hili nalo ni lazima lisemwe. Wapo wanaojiumiza ili waendelee kuishi: maumivu ya mwili yanawapumzisha kwa muda na maumivu wasiyoweza kuyataja. Wapo wanaotaka kufa kabisa. Wengi wako katikati, na mtu yuleyule anaweza kuwa huku Jumatatu na kule Alhamisi. Binti huyu alitueleza baadaye kwamba mara mbili za mwanzo hakutaka kufa. Mara ya tatu hakuwa na uhakika, na hakuna aliyemuuliza kwa namna ya kumpa nafasi ya kusema hana uhakika.

Kikao

Uongozi ulitaka kumpa muuguzi barua ya onyo. Muuguzi mkuu wa idara, mama mtulivu aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikataa. Aliwakusanya wahudumu wote wa dharura akauliza swali moja: nani hapa amewahi kufundishwa, hata kwa saa moja, jinsi ya kuzungumza na mtu aliyejidhuru? Mikono mitatu ikanyanyuka. "Basi barua hiyo andikieni hospitali," akasema, na kikao kikaisha. Kesho yake nikapigiwa simu.

Siku mbili za mafunzo

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mwanamke ambaye alijidhuru tangu akiwa na miaka 14 hadi miaka ishirini na kitu, amekaa kwenye vitanda vingi vya korido, na sasa anafundisha. Naomba anayepanga mafunzo ya namna hii asimwache mtu kama huyu nyumbani. Mimi naweza kueleza kwa nini ganzi ni ya lazima. Yeye alikunja mkono wa shati, akaonyesha kovu moja akasema, "Hili nilishonwa na mtu aliyenisalimu," akaonyesha la pili, "na hili na mtu ambaye hakunisalimu." Nilichokuwa nimekiandaa baada ya hapo nilikifupisha.

Zoezi lake la kwanza lilikuwa la karatasi. Kila mtu aliandika, bila jina, neno la kwanza linalomjia anapoambiwa kuna mgonjwa aliyejidhuru mapokezi. Alizisoma moja moja. Woga. Hasira. Kupoteza muda. Sijui niseme nini. Hasira. Woga. Karatasi moja ilikuwa na maneno mawili: "mdogo wangu". Chumba kilinyamaza. Hakuna aliyeuliza ni ya nani, nasi hatukuuliza, lakini kuanzia dakika ile hakuna aliyezungumza juu ya "hawa watu".

Woga ndio uliotuchukulia muda mrefu. Karibu wote waliamini kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utakuwa umemtia wazo hilo. Imani hii imeenea kila mahali, na imepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari, ulilinganisha walioulizwa juu ya kujiua na wasioulizwa. Walioulizwa hawakuzidi kupata mawazo ya kujiua, na wale waliokuwa na dalili za sonona au waliowahi kujaribu kujiua walionekana kupata nafuu kidogo. Tafiti za baadaye zimeelekea hukohuko. Swali halipandi mbegu. Kama mbegu ipo, swali humpa mwenye nayo mtu wa kumwonyesha.

Ila lazima liulizwe sawasawa. Watafiti wa Uingereza waliochunguza rekodi za mazungumzo ya kliniki za afya ya akili, wakachapisha mwaka 2017, walikuta maswali mengi kuhusu kujiua yameulizwa kwa kukanusha, na mgonjwa akiulizwa hivyo huelekea kujibu "hapana". Katika Kiswahili mtego huu uko wazi. "Hukutaka kufa, sivyo?" ni ombi lililovaa nguo za swali: tafadhali niambie hapana, ili sote tupumzike. Tulizunguka chumba kizima, kila mmoja akimtazama jirani yake na kusema kwa sauti: "Je, unafikiria kujiua?" Maneno matatu tu, lakini mara ya kwanza watu walicheka, walikohoa, waliyameza. Mzunguko wa nne ndio yalitoka kama swali la kawaida la kazini, kama "maumivu yameanza lini?"

Igizo la korido

Siku ya pili tulitoka darasani tukaenda idarani, mchana, wakati wagonjwa ni wachache. Yule daktari kijana alijitolea kuwa mgonjwa. Tulimpa kadi iliyoeleza hali yake: ameachwa na mchumba, hajalala siku tatu, anafikiria kujiua na amepanga lini. Alilala kwenye kitanda kilekile, kati ya mlango na sinki. Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi akachukua karatasi ya visanduku kumi, akasimama kwenye rafu ya kompyuta, akauliza kama anavyouliza siku zote.

Daktari alijibu "hapana" kwa maswali yote ya maana. Kadi ilisema ndiyo, yeye akasema hapana. Tulipomuuliza kwa nini, alikaa kimya kidogo, bado amelala, macho kwenye taa ya dari. "Nilikuwa nauona mgongo," akasema. "Mgongo huwezi kuuambia kitu."

Tukarudia. Safari hii muuguzi alitafuta kiti, na hapo ndipo tulipogundua kwamba idara nzima haina. Viti viliondolewa zamani ili korido zisijae ndugu wa wagonjwa. Akaleta ndoo, akaigeuza, akaketi, macho yake yakalingana na ya aliyelala. Hakuwa na karatasi. "Pole," alianza. "Naitwa fulani, ni muuguzi. Nataka kukusikiliza kabla sijakuuliza chochote. Jana ilikuwaje, mpaka ukafika hapa?" Daktari alizungumza dakika sita bila kukatizwa, na mengine hayakuwa kwenye kadi. Muuguzi alipofika kwenye swali lile kubwa, jibu lilitoka kabla hajalimaliza.

Nimeendesha mafunzo mengi. Kama ningeruhusiwa kubaki na zoezi moja tu, ningebaki na hili: mlaze daktari kitandani, mwache ausikilize mgongo.

Tulichokiweka mahali pa visanduku

Karatasi ya alama iliondolewa, na hapa palikuwa na ubishi mkali, maana wengi waliiona kuwa kinga yao mambo yakiharibika. Nilieleza kwamba mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa mwaka 2022, unakataza kutumia vipimo vya alama kubashiri nani atajiua au atarudia kujidhuru, na unakataza kuwagawa watu katika makundi ya hatari kubwa, ya kati na ndogo ili kuamua nani apewe huduma. Sababu ni ya kazi kabisa: vipimo hivyo havibashiri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 365 za miaka 50, ulikuta ubashiri wa mawazo na vitendo vya kujiua ukizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo sana. Na Uingereza, ambako vifo vya kujiua vya watu waliokuwa chini ya huduma za afya ya akili vimefuatiliwa kitaifa kwa miaka mingi, wengi wa waliokufa walikuwa wamehesabiwa kuwa na hatari ndogo, au hawana kabisa, walipoonwa mara ya mwisho. Binti wetu naye alipewa hatari ndogo. Karatasi ilijazwa vizuri bila kosa hata moja.

Kilichoingia badala yake ni mazungumzo yenye mpangilio. Mgonjwa aonwe peke yake kwanza, kisha aulizwe kama anataka ndugu aitwe. Aulizwe kilichotokea, kilichotangulia, kujidhuru kunamsaidia nini na kunamgharimu nini. Aulizwe kama anafikiria kujiua, ana mpango gani, na nini kimemzuia hadi leo. Aulizwe juu ya usingizi, pombe, fedha, kupigwa nyumbani, wanaomtegemea, wanaompenda. Mwisho, mhudumu na mgonjwa waandike pamoja anahitaji nini: leo, wiki hii, na baadaye. Haya yote hayasubiri kidonda kipone. Yanaendelea sambamba na tiba ya mwili. Ganzi na dawa ya maumivu anapewa kama anavyopewa aliyeanguka na baiskeli.

Kisha mpango wa usalama. Huu ulibuniwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na una hatua sita: dalili kwamba hali inaanza kuwa mbaya, mambo ninayoweza kuyafanya mwenyewe, watu na mahali pa kunitoa kwenye mawazo, watu ninaoweza kuwaomba msaada, wataalamu wa kuwasiliana nao, na namna ya kuviweka mbali vitu vya hatari. Utafiti uliofanywa katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba waliopewa mpango huu katika idara ya dharura na kisha kupigiwa simu walikuwa na vitendo vya kujiua pungufu kwa asilimia 45 hivi katika miezi 6, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Jambo ninalolisisitiza hadi wananichoka ni kwamba maneno yawe ya mgonjwa. "Nitafanya mazoezi ya kupumua" ni maneno ya mkufunzi. Saa nane usiku hayamsaidii mtu ambaye hakuyatunga.

Simu zilileta ubishi wa pili: nani apige, na kwa salio la nani? Nikawaeleza utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusisha watu 1,867 waliojaribu kujiua, katika hospitali za Brazili, India, Sri Lanka, Irani na Uchina. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara 9 katika miezi 18. Hakikuwa kitu cha gharama kubwa, na hakikuhitaji mashine. Mwisho wa miezi 18, waliofariki kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 ya wale wa huduma ya kawaida, na asilimia 0.2 ya waliofuatiliwa. Muuguzi mkuu alisikiliza akasema simu ya ofisi yake itumike, na simu ya kwanza ipigwe ndani ya saa 48.

Akaagiza viti vinne. Na chumba kidogo kilichokuwa kikihifadhi stendi za dripu kikatolewa vitu, kikakaguliwa kisiwe na chochote cha hatari, kikawekwa viti viwili na taa isiyoumiza macho.

Usiku mwingine

Miezi mitano baadaye binti alirudi, na shangazi yuleyule. Mapokezi alikuwepo muuguzi yuleyule. Alinisimulia kwamba alipomwona neno "tena" lilimjia hadi kwenye meno, akalimeza. "Karibu," akamwambia. "Umefanya vizuri kuja. Tuanze na mkono, au unataka kukaa kwanza?"

Ganzi ilichomwa bila mtu kuomba. Daktari alikuwa mwingine, mgeni kabisa, lakini muuguzi alikuwa na sindano tayari kwenye trei. Kisha akamgeukia shangazi: "Shangazi, asante kwa kumleta. Naomba nizungumze naye peke yake kidogo, kisha nitakuja kukuita akiniruhusu." Shangazi alisita, akakubali. Hawajawahi kumwomba kitu hicho. Wakaingia chumba kidogo, wakaketi.

Mazungumzo yalichukua dakika arobaini na tano, na nusu ya kwanza yalikuwa juu ya usingizi na juu ya deni. Muuguzi alipouliza, "Je, unafikiria kujiua?", binti alikaa kimya muda mrefu. Muuguzi aliniambia alisikia saa ya ukutani, na kwamba zamani angejaza ukimya ule kwa "hapana, sivyo?" Alisubiri.

"Ndiyo. Tangu juzi."

"Asante kwa kuniambia. Nieleze hiyo juzi."

Walipofika kwenye mpango, hatua ya kwanza ilikuwa dalili. Binti alifikiri, akasema kitu ambacho hakuna fomu ingekiwaza: hali ikianza kuwa mbaya hukaa sakafuni bafuni na kuhesabu vigae. Akifika ishirini huwa amekwisha kuamua. Muuguzi akaandika kama alivyosema: "Nikianza kuhesabu vigae." Hatua ya nne ikawa shangazi, kwa idhini yake, na shangazi akaitwa akaonyeshwa karatasi. Alilia. Hakujua kabisa habari za vigae. Alidhani mtoto anaoga sana. Vitu vya hatari vya pale nyumbani aliahidi kuvitoa siku hiyohiyo, na alivitoa. Asubuhi binti alionwa na daktari wa afya ya akili kabla hajaruhusiwa, akaondoka na tarehe, saa, na jina.

Yasiyokaa sawa

Nisingependa msomaji adhani hospitali ile sasa ni ya mfano. Mwaka wa kwanza haujaisha, wauguzi wengi waliofunzwa walikuwa wamehamishwa, pamoja na yule mwenye miaka mingi aliyeigeuza ndoo kuwa kiti. Tumebadilisha utaratibu: badala ya siku mbili peke yake, kuna nusu saa kila wiki wakati wa kukabidhiana zamu, na kila mgeni anapita kwenye igizo la korido kabla ya zamu yake ya kwanza ya usiku. Daktari wa afya ya akili haji kila siku. Zipo zamu ambazo mgonjwa bado analala koridoni kwa sababu chumba kidogo kina mtu. Daktari mmoja mwandamizi hakukubali, akasema kazi ya dharura ni kuokoa uhai na haya mengine ni ya ustawi wa jamii. Nilimwomba anionyeshe uhai unaanzia wapi na ustawi unaishia wapi, hatukuafikiana, na mpaka leo anashona wagonjwa kwa ganzi lakini kimya.

Na wahudumu wenyewe wanaumia. Anayeketi akasikiliza anabeba, na ukimfundisha kusikiliza bila kumpa mahali pa kutua mzigo utakuwa umemfanyia ubaya. Kila Ijumaa wanakutana dakika thelathini, hakuna kumbukumbu za kuandikwa, wanasimuliana wiki. Aliyeandika "mdogo wangu" alijitaja hapo, baada ya miezi mingi, kwa hiari yake. Nilichukizwa kusikia kwamba uongozi ulitaka kuifuta nusu saa hiyo ili kubana muda, nikafurahi kwamba muuguzi mkuu aliwashinda kabla ya kustaafu.

Simu ya kwanza kwa binti ilipigwa siku ya pili mchana. Ya pili, wiki iliyofuata. Muuguzi hufungua daftari lenye nakala ya mpango, na huanza kwa salamu, kisha usingizi, kisha swali ambalo asiye na daftari hawezi kulielewa.

"Na vigae?"

"Jana nilifika kumi na mbili," binti alijibu kwenye simu ya tatu. "Nikamwita shangazi. Akaja akakaa sakafuni na mimi."